Saa Mbili Kutoka Dar

Benchi la kahawa la Muksini liko karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, na waliolizoea hawahitaji saa ya mkononi; ndege ikitua wanajua ni saa ngapi. Ndege hizo ndizo zilizomponza mzee Saburi. Mkewe, Sada, alifariki Jumapili jioni. Kwa Waislamu maiti haicheleweshwi, lakini Saburi aligoma asizikwe mpaka mwana wao wa kwanza, Najibu, afike kutoka Dar es Salaam. Kila ndege ilipotua, watu wa benchi walikwenda getini kumtazamia. Zilitua tatu. Jumanne alasiri shehe akasema basi, wakazika.

Leo Ijumaa Saburi amerudi benchini. Bila kuulizwa alieleza kwamba Najibu amepiga simu: kwa ndege ni mbali, asingewahi. Wenzake walitazamana, wakamwonea huruma, wakaanza kuirefusha safari.

— Kilomita elfu moja na ushee, alisema Mwesiga, mwalimu mstaafu waliyemwita Ramani. Saa mbili angani. Lakini hizo ni za kwenye karatasi.

— Huku ndege inapandisha, alisema Jamali, aitwaye Rubani ingawa hajawahi kupanda ndege. Dar iko chini, sisi tuko juu. Kwenda ni mteremko, kuja ni mlima.

— Halafu kuna ziwa, alidakia Muksini akimimina. Maji yanaivuta ndege. Lazima wazunguke.

— Wakizunguka wanakuta ukungu, alisema Rubani. Wanarudishwa Mwanza, watu wanalala huko siku mbili.

— Tatu, alisema Ramani, ambaye enzi zake angemchapa mwanafunzi kwa jibu kama hilo.

Kila walipoongeza, Saburi alizidi kutulia. Alijua wanamdanganya. Aliupokea uongo wao kama alivyoupokea ule wa kwenye simu, maana bila huo angebaki na aibu yake peke yake.

Hapo akaja Mwajuma, binti wa mdogo wake Sada, begi begani. Alikuwa anarudi Dar na alipita kuaga. Aliwaamkia wote, akasimama kusikiliza, uso ukamkunjamana.

— Baba mkubwa, alisema, habari ya msiba nilipewa na Najibu mwenyewe. Nikapanda basi Jumatatu alfajiri, Jumanne adhuhuri nikawa hapa, nikawahi kumwosha mama mkubwa. Yeye alipanda nini?

Ramani alitazama viatu vyake. Muksini aliinamisha birika, yakatoka mashapo tu.

Saburi aliweka kikombe chini taratibu.

— Hakupanda kitu, alisema. Na mimi nikamweka mama yake juu ya ardhi siku mbili, nahesabu ndege.

Ndege ya mchana ikapita juu ya mapaa, ikishuka. Jamali aliinuka kwa mazoea kwenda getini, kisha akakumbuka, akakaa.