Mwalimu Kalisti Eustaki na Shina la Unywele wa Pumzi

Mwalimu Kalisti Eustaki, tunayemsindikiza leo, alizaliwa hapa Kasense tarehe 14 Agosti 1946, mtoto wa pili wa Mzee Eustaki na Mama Epifania. Alizaliwa na kikohozi. Mama yake anasema alikuwa akiachia titi, anakohoa, anarudi, kama mtu mwenye safari.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari ya misheni, na mwaka 1968 akamaliza chuo cha ualimu, upande wa sayansi. Alipimwa kifua kikuu mara nyingi, hakikuonekana.

Kuanzia Januari 1969 alifundisha baiolojia sekondari, Sumbawanga mjini. Hakujua kutulia. Mara yuko shamba la shule, mara mkutano wa kijiji, jioni anazunguka uani peke yake.

Tarehe 5 Juni 1976 alifunga ndoa na Albina.

Mwaka 1977, kwenye semina Dar es Salaam, alionyeshwa picha zilizopigwa kwa darubini kubwa ambayo mkoa wetu hauna. Alirudi usingizi umemruka. Alimweleza mkewe kwamba njia ya pumzi ina vinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyofagia makohozi kwenda juu, na kila kimoja kimesimama juu ya shina lake. Shina hilo ni mafungu tisa yaliyopangwa duara, kila fungu mirija mitatu iliyoshikana, yote yameinama upande mmoja. Tena kuna watu ambao vinywele vyao havifagii tangu kuzaliwa. Akajiona yeye.

Akakata matete, akafunga mfano wa shina, urefu wa kufika kiunoni, awaonyeshe wanafunzi. Asubuhi akakuta mti umesimikwa katikati, akamwita mama yake mzazi, aliyekuwa amewatembelea.

"Mama, nani kaweka huu?"

"Mimi. Kibanda cha duara bila nguzo ya kati, baba? Si kitawaangukia watoto wa watu!"

"Mama, huko juu kwenye unywele ndiko kuna mirija miwili katikati. Huku chini ni patupu, na panasimama."

"Panasimama kwa Wazungu. Ufipa hapa kuna upepo."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, mama akampiga mgongo.

Binti yao Luciana alizaliwa tarehe 2 Machi 1978, na hata mwezi haukuisha akaanza kukohoa. Hapo marehemu hakukalika. Alikuwa akimwekea sikio kifuani, anainuka, anarudi tena. "Albina, haya ni mafua, au ni mimi?" Hospitali ya Namanyere hawakuweza kumjibu, ya Sumbawanga hawakuweza. Alipanga kumpeleka Dar es Salaam shule zikifungwa, lakini vita ilikuwa imeanza na mabasi yakawa ya shida.

Novemba marehemu mwenyewe alishikwa na nimonia, akalazwa. Bibi alipokuwa akimbembeleza mjukuu aliyekuwa akikohoa, "Nyamaza, baba anaumwa," marehemu alijiinua kitandani.

"Msimnyamazishe. Kama vinywele havifagii, kikohozi ndicho kinachofagia. Mwacheni akohoe."

Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 1978, jibu hajalipata.

Ameacha mjane, Albina. Binti, Luciana, wa miezi tisa. Wazazi wake wote wawili. Na dada yake, Silvana. Luciana yupo hapa, mgongoni kwa mama yake. Akikohoa wakati wa ibada, tunaomba asitolewe nje, wala mtu asimwambie nyamaza.

Mwalimu Kalisti, sasa keti. Mungu akupe pumzi isiyobana.