Gauni la Kalasi kwa Marcelline

Risala ya wasichana wa mwaka wa tatu, shule ya misioni, Kasongo, 1954. Imesomwa na Léocadie.

Mgeni rasmi, Mama Munganga, daktari wetu; Mupe, padri wetu; Masere, mtawa anayetufundisha; na ninyi wazazi mliotembea kutoka Nyangwe: yambo kwenu wote. Tumefurahi mpaka tumesahau kufagia nyuma ya jikoni, kwa hiyo tafadhali msipite kule.

KARIBU NA ASANTE

Mama Munganga, mara ya kwanza ulipokuja, tulikukimbia kwa sababu ya sindano. Leo tunakukimbilia. Ulituletea dawa ya minyoo, sabuni na vyandarua. Ndui ilipofika Kabambare, hapa kwetu haikumpata mtoto hata mmoja, kwa sababu ya chanjo yako. Asante, Mama, asante sana.

MASOMO YETU

Tunasoma, tunahesabu, na mwaka huu Kifaransa chetu hakijamchekesha Masere. Aliyekuwa wa kwanza mwaka jana ni Marcelline, binti ya Baba Grégoire, mkulima.

LINALOTUUMIZA

Hapa msichana akiota matiti anavua gauni la kalasi, hili la bluu tunalovaa shuleni, anavaa kikwembe cha kujifunga kama akina mama, anahamia nyumba ya wachumba kujifunza kupika na kungoja arusi. Kwa wasichana wakubwa desturi hiyo ni nzuri, hatuipingi. Lakini Marcelline, ambaye matiti yamemwota mapema, ana miaka kumi. Mimi ninayesoma nimemzidi mwaka mzima, na kifua changu, wazazi mtanisamehe, ni kama ubao wa kalasi.

Alipohamishwa aliacha kula, akaacha kuruka kamba. Anatembea amekunja mikono kifuani, na tukimwita haitikii. Siku moja tu alisema: "Watu wananisalimia mama. Miye niko mama ya nani?" Akalia, na sisi tukalia naye.

Wengine walisema amerogwa. Wewe ulimpima, ukasema mbele yetu kwamba hana ugonjwa: mwili umetangulia, moyo ungali wa mtoto. Hatukuwahi kumsikia mtu mkubwa akisema hivyo. Tangu siku ile anakunywa uji. Tunakushukuru kwa uji ule kuliko kwa sindano zote.

OMBI

Hatuombi mpira wala pipi, ingawa ukiwa nazo hatukatai. Mtu mmoja wa Lusangi amekwisha kuleta mbuzi wa mahari kwa Baba Grégoire, na arusi inasemwa itakuwa baada ya kuvuna mpunga. Baba Grégoire amekaa pale mbele. Si mtu mbaya. Anaona kikwembe, anafikiri binti yake amekua.

Tunaomba uwaambie yeye na Mupe maneno yaleyale uliyotuambia sisi. Tena tunaomba kitambaa cha bluu, kipana kuliko chetu, tumshonee gauni la kipimo chake. Kushona tunajua. Nafasi yake kwenye benchi, kati yangu na Cécilia, hatujamwachia mtu.

Mungu akulinde njiani, awape afya watoto wako, na madaraja yote ya kurudi yakuvumilie.

Ni sisi, wasichana wa mwaka wa tatu, Marcelline akiwemo.