Mama Msasa, Mfufuaji wa Viti Vilivyotupwa

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, familia imenipa mimi, shemeji yake marehemu, kazi ya kuwasomea habari za maisha yake, na imenionya nisitie utani, lakini marehemu na mimi tulitaniana kwa zaidi ya miaka arobaini, na kuacha leo kungekuwa kumkosea adabu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Msasa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa nne wa mwashi na mke wake, katika nyumba yenye watoto tisa na viti vinne, hali ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, ndiyo iliyomfundisha thamani ya kiti, maana aliyechelewa chakula alikula amesimama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, akasifika si kwa hesabu wala kwa mwandiko, bali kwa dawati lake, ambalo aliliwekea vipande vya kandambili chini ya miguu lisiyumbe, hata wenzake wakawa wanagombana nani akae naye. Baadaye alijifunza kupiga chapa, na mwaka 1971 akaajiriwa katika ofisi ya maji, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2006.

Nyuma ya ofisi hiyo palikuwa na lundo la viti vilivyovunjika na makabati yasiyo na milango, likisubiri kamati ya kuvitupa, kamati ambayo haikuwahi kukaa, pengine kwa kukosa viti. Marehemu aliomba ruhusa, akaanza kuvibeba kimoja kimoja, akivikwangua kwa msasa, akivitia gundi na misumari, akivipaka rangi. Siku moja kiti cha mkuu wa ofisi kilitolewa nje ili sakafu ipigwe deki, marehemu akakiona, akakihurumia, akaondoka nacho Ijumaa, na Jumatatu kikarudi kikiwa cha njano. Mkuu alikizunguka, akauliza, "Nani amefanya hivi?" na alipotajiwa akakaa ili apate kukasirika vizuri, akaona hakimchomi tena mgongoni, na alipohamishwa akahama nacho.

Kuhusu ndoa, kaka yangu, fundi cherehani, alifika kwao marehemu kupeleka gauni, akakaribishwa kiti, akakikalia, na alipoinuka kuaga, kiti nacho kikaaga. Rangi ilikuwa mbichi, na suruali ile ndiyo aliyokuwa nayo ya kutokea, kwa hiyo marehemu akaichukua kuisafisha, akampa khanga ajistiri, na ndipo baba mtu aliporudi kutoka kazini akamkuta kijana asiyemjua amekaa sebuleni kwake amevaa khanga ya binti yake. Mzee hakupiga kelele, aliuliza tu, "Wazee wako wanakaa wapi?" Sisi upande wa mume tulipeleka posa, na tulipokaribishwa tukae tulishukuru tukabaki tumesimama. Walifunga ndoa tarehe 18 Septemba 1976.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wawili na mvulana mmoja, wote wakalelewa katika kitanda kimoja cha kuokotwa, kilichobadilishwa rangi kila alipozaliwa mwingine, na kitinda mimba alikuwa darasa la pili alipogundua kwamba kuna watu wanaonunua meza dukani, akaja kuuliza nyumbani kama watu hao ni wagonjwa.

Sitaficha kwamba ndoa hiyo ilipita kwenye jaribu. Kufikia mwaka 1989 viti vilikuwa vimejaza sebule, vimeingia chumbani, kaka akawa anashonea uani, na mvua ilipolowesha vitambaa vya wateja alisema, "Chagua, mimi au viti hivi," naye marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kukurupuka, akaomba apewe hadi Ijumaa. Kaka hakusubiri, alifungasha cherehani akahamia kwangu, siku za mwanzo akijigamba kwamba amepumzika, kisha akaanza kukosa hamu ya kula, akawa anapita akitikisa viti vyangu na kuguna, hata mke wangu akachoka. Tulikuwa na hofu ya kweli, maana watoto walikuwa bado wadogo, na wale wawili wote walikuwa na shingo ngumu, hakuna aliyetaka kutanguliza mguu.

Jumapili moja asubuhi marehemu alifika mlangoni kwangu akisukuma mkokoteni, akampita mumewe kama ukuta, akamsalimia mke wangu, akasema, "Mwenzangu, nimesikia hapa kuna kitu kikuukuu mmekichoka, kama mnakitupa nipeni mimi." Kaka alijitahidi kununa, uso ukamshinda, akauliza kama kitu chenyewe bado kina kazi. "Viungo tu vimelegea," marehemu akamjibu, "mbao yenyewe nzuri." Walipakia cherehani kwenye mkokoteni, kaka naye akaketi humo, wakapita mtaani hivyo hivyo mchana kweupe, na nyumbani kaka akakuta chumba cha mbele kimeachwa kitupu, kimepakwa chokaa, na chini ya dirisha ipo meza ya kushonea, ya kuokotwa, yenye mguu mmoja mpya na rangi ya buluu. Tangu hapo mke alitengeneza mbao, mume akashona mito, na sidhani kama hapa mtaani kuna nyumba isiyo na kazi ya mikono yao.

Mwishoni mwa mwaka 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, ikaonekana moyo umechoka. Hata akiwa wodini, muuguzi alimkuta akikwangua kwa kijiko kabati lililobanduka rangi kando ya kitanda, akamsihi apumzike, akajibiwa kwamba hakuna anayeweza kupumzika akitazamwa na kitu kama kile. Tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa ameushika mkono wake, wenye rangi isiyotoka kwenye kucha, alivuta pumzi yake ya mwisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya maji, na nyinyi majirani, mliotufaa tangu siku ya kwanza ya msiba. Hata hivyo, kuna mmoja wenu, hatutamtafuta, aliyeacha kabati lisilo na mlango getini kwetu leo asubuhi, wakati tunajiandaa kuja hapa. Vijana walikasirika wakataka kulirudisha barabarani. Kaka yangu alitoka, akalizunguka, akapitisha kiganja juu ya mbao yake kwa muda, akasema, "Liingizeni ndani, mvua isije ikalikuta."

Shemeji, kazi umeifanya, sasa lala kwa amani.