Ubeti wa Pili wa "Niachie Funguo"

— Huo si wimbo, Profesa. Ni ajali ya barabarani iliyorekodiwa.

— Wewe umeusikia?

— Sekunde thelathini, kwenye simu ya mteja. Nilimwacha na nusu kichwa nikaenda kunawa masikio.

— Sekunde thelathini unajiita shahidi. Mimi nimesikiliza wote, tena mara mbili, ndiyo maana nina haki ya kutukana.

Waliokuwa wakibishana ni Bubu na Profesa. Bubu ni kinyozi ambaye hajawahi kunyamaza hata akiwa na wembe mkononi. Profesa huuza vitabu vilivyotumika, na anayajua vizuri sana majalada yake. Benchi lao lilikaa kwenye kona ya njia miaka mingi, mpaka malori ya kokoto yalipoanza kupita, wakalihamishia ndani ya karakana ya Fundi wa redio bila kumwomba ruhusa. Fundi hakuwafukuza. Huwachemshia kahawa, huku akichomelea nyaya zake na kujifanya hasikii. Asubuhi hiyo alisikia kila neno. "Niachie Funguo", wimbo wa dansi wa polepole walioupenda tangu ujanani, ulikuwa umerudiwa na msichana mmoja aliyeutia ngoma za kompyuta, kwaya na watu wa kufokafoka. Na binti yake Fundi, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameuchagua huo uliorudiwa umwingize ukumbini Jumamosi, siku ya harusi yake. Fundi aliapa mbele ya benchi kwamba ukipigwa huo, amtafute mwingine wa kumshika mkono. Benchi lilimsifu sana kwa msimamo. Benchi halina binti.

— Kwaya ndiyo inaniua, alisema Bubu. Mwanamume ameachwa, amekaa gizani, anaomba aachiwe angalau funguo. Ghafla watu arobaini wako sebuleni wanapiga makofi. Wametokea wapi?

— Majirani.

— Majirani wenye sare?

— Wewe unaangalia juu juu, alisema Profesa. Hii kitu imepangwa. Nyimbo za polepole zikiisha, vijana hawatajua kucheza wameshikana. Wasiposhikana, hawataoana.

— Mbona huyu wa Fundi anaolewa nao Jumamosi?

— Huyo ni wa kutupoteza maboya.

— Mimi nasikia hakuna msichana yeyote. Ni mashine. Wameilisha kaseti zetu, ikatapika.

— Na yule anayeonekana kwenye video?

— Binamu yake mashine.

Profesa alipuliza kahawa yake.

— Yote hayo ningesamehe. Nisilosamehe ni ubeti wa pili.

— Ubeti gani wa pili?

— Ndiyo hapo sasa. Wimbo wetu una ubeti mmoja, kiitikio, gitaa, basi. Yeye ameongeza ubeti mzima, eti mwanamke anarudi, anabisha hodi, funguo anazo mkononi. Mtunzi ni marehemu, bwana. Kumtungia marehemu maneno, hilo ni la polisi.

— Una hakika haukuwepo?

— Nina kaseti aliyonirekodia Fundi mwenyewe. Mtaa mzima tunayo.

Mkono wa Fundi ulitulia juu ya redio. Ubeti ulikuwepo. Kaseti yake ya kwanza ya wimbo huo iliharibika asubuhi moja, miaka mingi iliyopita. Akakata kipande kilichoharibika kwa wembe, akaunga ncha mbili kwa ustadi hata kiitikio kikarukia gitaa bila sikio lolote kushtuka. Hiyo ndiyo aliyowarekodia majirani. Hakuona sababu ya kueleza. Fundi hatangazi alichokiharibu. Sasa ukimya wake ulikuwa umegeuka sheria ya mtaa. Akisema, Bubu atapata cha kumsimanga mpaka kaburini.

Binti aliingia, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Yeye ni mshonaji.

— Shikamooni.

— Marahaba, bibi harusi wa kompyuta, alisema Bubu.

Hakucheka.

— Baba, nimekuja kuchukua vipimo vya koti lako. Kama huji, niambie sasa, nisikate kitambaa.

Fundi alitazama redio iliyo wazi mbele yake kana kwamba jibu lilikuwa ndani.

— Baba yako ana msimamo, Profesa alimsaidia. Hawezi kuingia na kitu kilichoongezwa ubeti.

— Sawa. Basi naomba kuuliza, baba zangu. Mama aliniambia nyote watatu bendi iliwapigia wimbo huu kwenye harusi zenu. Kama unaishia pale mtu anapoachwa, mliuchagua wa nini?

Bubu aliangalia kikombe chake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kunyoa watu, jina lake likamfaa. Binti alisubiri. Kisha akakunja utepe wake taratibu, akautia mfukoni, akaelekea nje.

Fundi aliweka chini chuma cha kuchomelea. Alimfikia mlangoni, akasimama mbele yake akiwa ameinua mikono kama mtu anayekaguliwa, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi:

— Ubeti ulikuwepo, mwanangu. Wewe ulikuwa mtoto wa kutambaa, ukauvuta utepe wa kaseti ukautafuna. Mimi nikaukata, nikanyamaza. Haya, pima.