Alisi Ithungu, Aliyeihamishia Pakanga Nyumbani (1911–1958)

Ndugu waombolezaji, ninyi wa hapa Bwera na ninyi mliovuka mpaka kutoka Kasindi, nasoma kwa Kiswahili ili asiwepo mtu wa kusema kesho kwamba hakusikia. Mimi ni Nasani Syahuka, mdogo wake Yeseri, mume wa marehemu. Alisi alikuwa shemeji yangu, na utani wetu mnaujua. Jana jioni wazee wa ukoo, wakiongozwa na baba yetu mdogo Asanasio, walitaka kitalu cha dawa alichokiacha king'olewe kabla ya kaburi kufukiwa. Wanasema ndicho kilichomuua. Familia iliomba wasifu usomwe kwanza, nao wakakubali. Basi tusikilizane.

Marehemu Alisi Ithungu alizaliwa mwaka 1911 huko Nyakiyumbu, upande wa juu, mahali ambapo ukiangusha chungu utakiokotea kwa jirani. Alikuwa binti wa tano, kama jina lake linavyosema. Mama yake alikuwa mchumaji wa dawa za mlimani, na Alisi alibebwa mgongoni kwenye kazi hiyo kabla hajajua kutembea.

Alisoma katika shule ya kanisa kuanzia mwaka 1921 hadi 1923. Alijua kusoma, kuandika na kushona, na aliimba kwa sauti kubwa kuliko alivyoimba vizuri. Siku moja aliingia darasani na majani ya pakanga, ile dawa ya mlimani, kwenye pindo la gauni, darasa zima likanuka. Mwalimu alimtoa nje. Kabla ya kengele ya mchana mwalimu huyo huyo alimfuata uani, kichwa kinamgonga, akamwomba jani moja la kunusa. Alisi alimpa mawili. Mwaka 1923 alitolewa shuleni ili amsaidie mama yake, na masomo yake yakaendelea mlimani.

Huko alifundishwa kuitambua pakanga, na kwa kuwa baadhi yenu mmeinywa miaka mingi bila kujua sura yake, nitaieleza. Ni kichaka kinachofika kiunoni au kupita hapo, shina lake gumu kama la mti. Majani yamechanika vipande vyembamba; juu ni kijani, chini ni meupe kama majivu. Ukiyasugua, harufu yake inapanda puani na kufungua kifua. Ukionja, uchungu wake unabaki nawe hata ukila ndizi mbivu. Alifundishwa pia desturi ya kuichuma: uende asubuhi kabla hujasemeshana na mtu, uweke punje chache za ulezi chini ya shina, uchume matawi na mizizi uiache. Hata alipokuwa akiichuma nyuma ya jiko lake mwenyewe aliweka ulezi, na kuku wangu walilijua hilo mapema sana.

Alifunga ndoa na kaka yangu Yeseri katika kanisa la hapa Bwera, Jumamosi tarehe 6 Desemba 1930. Walipata watoto watatu: Yunia Masika, Baluku na Bwambale. Ilikuwa ndoa njema na yenye kelele, kwa sababu wote wawili walikuwa wabishi, ila Yeseri alikuwa mbishi wa kuchoka.

Mwezi wa Februari mwaka 1947, Bwambale, akiwa na miaka minne, alishikwa na homa na kikohozi. Alisi alipanda mlimani mahali alipozoea kuchuma. Alikuta mteremko wote umefyekwa na kuchomwa moto ili ipandwe kahawa. Alizunguka hadi jioni akarudi mikono mitupu, na mtoto akafariki kesho yake. Kama pakanga ingemponya, Mungu ndiye ajuaye. Alisi mwenyewe hakuwahi kusema ingemponya. Alichosema, akiwa amekaa chini pale msibani, nilikisikia kwa masikio yangu: "Sitapanda mulima tena kutafuta kitu ambayo naweza kupanda mwenyewe." Aliumia sana, na uchungu ule aliugeuza kuwa kazi.

Sasa wageni waelewe uzito wa maneno hayo. Wazee wa ukoo wetu husema dawa ya mlimani hailali nyumbani: ukiipanda karibu na mlango inaita mgonjwa wa kuinywa. Kwa hiyo mwanamke mwenye msiba mbichi alikuwa anatangaza kuvunja mwiko. Mwaka 1950 alipanda juu kabisa, karibu na msitu, akashuka na vipande vya mashina vimefungwa kwenye majani ya mgomba. Akavipanda bondeni kati ya migomba, kwenye udongo mweusi mzuri. Vyote vikaoza. Yeseri akacheka, mimi nikacheka, wazee wakasema mlima umechukua kilicho chake.

Alisi hakubishana nao. Alirudi mlimani, na safari hii hakuchuma kitu. Alitazama tu ile mimea inaishi wapi. Inaishi kwenye mteremko wenye mawe, jua linapoipiga na maji yasiposimama. Akaja kukusanya mawe, akajenga matuta ya ngazi nyuma ya jiko, na mvua za Machi mwaka 1952 zilipoanza akaleta vipande vingine akapanda tena. Vikashika. Tangu hapo alifuata utaratibu mmoja: alikata matawi kabla mmea haujachanua, akaacha zaidi ya nusu ya kichaka, akakausha kivulini kwa sababu jua kali linaiba harufu.

Mwaka 1953 kikao cha ukoo kiliamuru kitalu king'olewe. Yeseri akawaunga mkono wazee. Alisi akakataa, na kaka yangu, kwa hasira, akahamia kwangu mwezi mzima akala chakula changu. Huko huko kwangu akashikwa na kifua, akakohoa hadi watoto wakakosa usingizi. Alisi akaja na chungu cha pakanga na blanketi. Yeseri akauliza kutoka kitandani:

"Hiyo ni ya mulima ama ya nyumbani?"

"Kunywa kwanza, utauliza nyuma."

"Alisi, nauliza kama bwana yako."

"Na mimi najibu kama bibi yako. Funika kichwa."

Akafunikwa, akafukizwa, akatoka jasho kama mtu aliyetoka mtoni. Asubuhi alijitwisha mkeka wake akarudi kwake, na kabla ya saa sita nilimwona akibeba mawe ya ngazi mpya. Na mimi nikapumua, maana chakula kilikuwa kinakaribia kuisha.

Watu walimjia Alisi kwa kikohozi, kwa homa, kwa minyoo ya watoto, hata kwa wadudu wanaokula maharagwe ghalani, kwa maana majani makavu huwafukuza. Lakini hakuwa mtu wa kumpa kila anayeomba. Mama mjamzito hakumpa hata tone, aombe, alie. Mwenye homa isiyoshuka siku ya pili alimwambia aende kwa daktari, na asiyetaka kwenda alisindikizwa naye mwenyewe njia nzima akisukumwa.

Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, majani makavu yakaanza kutafutwa na wasafiri, na hapo ndipo alipogombana na Siraje. Siraje nakuona, usijifiche nyuma ya mwenzako Zubairi. Bwana huyu ana lori, na alikuwa akichukua magunia ya Alisi kuyapeleka Kasese. Siku moja sokoni Bwera Alisi alifungua gunia ambalo Siraje alilinunua kwa watu wengine, akakuta limejaa kawunyira, lile gugu la kunuka linaloota kila shamba.

"Mama, si yote inanuka?" Siraje akasema. "Mutu anakunywa, anatoka jasho, anafurahi."

"Geuza jani. Chini iko nyeupe?"

"Haiko."

"Kando yake iko na meno?"

"Iko nayo, mama."

"Basi hii si dawa. Mutoto wa mutu atakunywa hii na mama yake atakaa anangoja apone."

Akalimwaga gunia lote katikati ya soko, mbele ya watu. Siraje alinuna wiki mbili. Baadaye akajifunza kugeuza majani, na sasa hakuna gunia linalopanda lori lake bila yeye kulikagua. Leo amewabeba waombolezaji wa Hamukungu bure, na tunamshukuru.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Machi mwaka huu kwa uvimbe wa tumbo. Alijichunguza akasema hii si ya pakanga, akaenda hospitali bila kuvutwa. Madaktari walisema ni ini, na kwamba amechelewa. Aliporudi nyumbani baba mdogo Asanasio alimtembelea kwa nia njema, nasema hivyo kwa heshima, akamsihi: "Mutoto wangu, ngoa ile kitu, utapona." Alisi akamjibu: "Baba, tumbo ya mama yangu ilivimba hivi hivi, na yeye hakupanda hata moja. Yeye nani alimuita?" Jibu la swali hilo nalingoja tangu jana. Alisi alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 14 Oktoba 1958, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Yeseri. Tumepungukiwa. Mimi sina tena wa kunitukana kwa upendo.

Marehemu ameacha mume, Yeseri Syahuka, binti, Yunia Masika, aliyeolewa Hamukungu, mwana, Baluku, anayefanya kazi kwenye reli Kasese, wajukuu watano, dada wawili huko Nyakiyumbu, na mimi shemeji.

Ameacha pia kitalu. Leo asubuhi wengi mlimwona Yeseri akiingia humo na panga, na baadhi ya wazee wakashukuru kwamba mwenye mji amekubali kung'oa. Hakung'oa. Alikuwa akikata vipande vya kupanda, na Masika na Baluku wakivifunga kwenye majani ya mgomba. Viko pale njia panda, kivulini, na Yeseri atasimama hapo mwenyewe. Hakuna atakayeondoka bila kipande chake. Toa majani ya chini, zamisha nusu yake kwenye udongo wenye mawe, mahali penye jua, leo hii hii, maana mvua ipo. Wa Kasindi mpande Kasindi, wa Hamukungu mpande Hamukungu. Baba mdogo, kwa heshima zote, kuanzia jioni ya leo anayetaka kuing'oa pakanga ya Alisi itambidi abishe hodi kwenye kila mji kutoka hapa hadi Kongo. Na chako pia kipo, tumekuchagulia kinono.

Alisi apumzike kwa amani. Sisi tukapande.