Bibi Yupi?

Basi la umeme hapa mjini Ruse lilichelewa tena, maana manispaa ina pesa za maua na haina za matairi. Mbele yangu aliketi Bibi Tsvetana, amempakata mjukuu wake Elitsa, wa miaka miwili na nusu.

"Huyu neno lake ni moja tu, 'bibi'," alimwambia mwalimu wa chekechea aliyekaa kando. "Mama yake anasema kwangu hajifunzi kusema, anataka kumpeleka kwingine. Wivu tu! Ananiita mimi."

"Na wewe unamwitaje, mama?"

"Kama bibi wote wa hapa tunavyowaita wajukuu. Njoo, bibi. Kula, bibi."

Marehemu mke wangu naye aliwaita wajukuu hivyohivyo.

"Basi anadhani hilo ni jina lake," mwalimu alisema. " Mwite Elitsa."

"Eti! Nimelea watatu mimi, na wote wanasema mpaka wanachosha!"

Mtoto akapaza sauti: "Bibi kojo!"

Basi zima tukamgeukia Bibi Tsvetana. Akaiva uso, kisha akapiga makofi. "Maneno mawili! Mmesikia? Dereva, simama!"

"Bibi yupi kabanwa?" dereva aliuliza, akifunga breki.

Walishateremka wanakimbilia vyoo vya uwanjani, ambavyo wakubwa wetu walivifunga zamani.