Vichwa Vitatu vya Kinyozi

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, mbele ya kibanda cha fundi viatu, ukitazamana na duka la kinyozi. Madebe ni ya Brashi, mchoraji wa mabango, na kwa haki hiyo yeye hukaa katikati na hakuna wa kumwambia sogea. Siku hiyo alikaa pembeni, kahawa inampoa mkononi, utani hautaki. Kinyozi alikuwa ametoka kumpa vipande vyake: vile vichwa alivyomchorea ukutani vimepinda, vyote vitatu, na alishavirudia mara moja vikapinda tena. Leo visiponyooka, atatafutwa mchoraji mwingine. Na kinyozi akishasema, kasema.

Wenzake, badala ya kumpa pole, waligeukia ukutani kama wako mpirani.

— Nywele hazina kosa, — alisema Redio. Huyu ni mlinzi wa ghala, na akitoka lindo haendi kulala mpaka amalize maneno yote aliyokosa wa kumwambia usiku kucha. — Denge lile pale, rasta zile, na kipara kinang'aa mpaka raha. Tatizo shingo. Wote wamelalia upande mmoja. Brashi, uliwachora ukiwa umelala?

— Nilichora nimesimama.

— Basi ukuta ndio uliolala.

— Ukuta umenyooka. Nimeupima kwa kamba.

— Nyie hamjui kitu, — alidakia Dokta, muuza miwani ambaye zamani alifagia zahanati na kutoka na jina hilo. — Binadamu ana akili mbili. Ya juu ndiyo hii ya kupigia hesabu na kukumbuka funguo umeweka wapi. Ya chini ni stoo. Kila unachokikwepa unakitupia humo, unafunga mlango, unajiona umemaliza. Sasa ukishika brashi, mkono hauombi ruhusa. Unaingia stoo, unatoka na ulichokificha.

— Na mimi nikipiga mluzi lindoni?

— Na wewe vilevile.

— Basi stoo yangu ina wimbo mmoja, na huo wenyewe nusu!

Walicheka. Brashi naye alicheka, ila kwa meno tu.

— Mimi naona kosa ni la ukuta, — Redio hakukubali kushindwa. — Miaka yote hiyo unasikiliza umbea wa kinyozi. Utakosaje kuota masikio?

— Kwa hiyo ukuta nao una akili ya chini?

— Kwa nini usiwe nayo? Una msingi kuliko wewe.

— Hebu niacheni niulize kitaalamu, — alisema Dokta. — Brashi, ulipokuwa unachora ulikuwa unawaza nini?

— Nilikuwa nawaza kama rangi nyeusi itatosha.

— Mmeona! Akili ya juu iko kwenye rangi, ya chini imebaki peke yake na mkono!

Brashi alikuwa amevianza vile vichwa kwa chaki, vimenyooka kabisa. Vilianza kuinama alipokuwa anajaza rangi, asijue ni kwa nini.

Fundi viatu muda wote alikuwa akigonga soli, misumari imejaa mdomoni. Aliitema mkononi mmoja mmoja.

— Huyo ni mzee wako, — alisema.

— Yupi kati yao? — aliuliza Redio.

— Wote. Tazameni sikio la kulia lilivyotangulia mbele. La kushoto lilishakufa. Enzi zake mzee akikaa hapahapa, Brashi akisema neno, anageuza kichwa vilevile: 'Umesemaje, mwanangu?' Na huyu anamjibu, 'Hamna kitu, baba.'

— Fundi, mwache mwenzio.

— Simsemi vibaya. Kurudiarudia kunachosha. Hata mimi nilikuwa najifanya nina misumari mdomoni, nisimrudie maneno. Lakini kila mara ilikuwa hivyohivyo. Hata siku ile ya mwisho aliyokaa hapa.

Brashi alitazama ukuta. Pua si ya baba yake, ndevu si zake, ila zile shingo zilikuwa za mzee, si za mwingine. Ni kweli alikuwa akimjibu hivyo. Mzee alisema tu 'Haya,' akarudisha kichwa taratibu, akaendelea kukaa na watu asiowasikia. Brashi alimzika mwaka jana bila kutoa chozi, watu wakamsifu kwa uvumilivu. Sasa, mbele ya duka la kinyozi, roho ilimuuma kweli, na majuto yakamjaa asijue pa kuyaweka.

Mwisho wa ubao alikuwa amekaa mama mmoja mgeni aliyekuja kushonewa kiatu, mguu mmoja peku juu ya kipande cha boksi. Alikuwa amesikia yote.

— Samahanini, — alisema kwa upole. — Kaka yangu, siku hiyo ya mwisho, kwani ulikuwa umemwambia nini?

Redio alimtazama Dokta. Dokta alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Fundi viatu alirudisha misumari mdomoni.

Brashi alifumbua mdomo. Kofia ya mzee aliikumbuka, imepauka upande wa jua. Mkono wake uliotulia juu ya goti aliukumbuka. Neno lenyewe alilitafuta, hakulipata. Labda lilikuwa la mvua. Labda alimwambia tu kahawa ni ya moto, anywe polepole.

Kinyozi alitokeza mlangoni, taulo begani.

— Brashi! Hivyo vichwa unavinyoosha saa ngapi?

Brashi, macho yangali ukutani, alimwambia amtafute yule mchoraji mwingine.